Kanada: banki ilipofuta madeni ya wateja kwa barua moja

Mwezi wa nane mwaka wa 2019, wateja wa banki moja ya Marekani wanaoishi katika inchi ya Kanada walipokea barua ambayo mutu yeyote mwenye akili angeisoma mara mbili, akitafuta mutego uko wapi. Barua hiyo ilitoka kwa Chase, banki ya kundi la JPMorgan Chase, kubwa kupita banki zote za Marekani. Ilileta habari moja tu: deni lote walilobakiza kwenye karte yao ya mukopo limefutwa. Hawatalipa tena kitu.

Hawakuwa wameomba. Hakuna tribinali iliyokata kesi, hakuna sheria mupya iliyotoka. Mumoja kati yao alikuwa bado anadaiwa zaidi ya dola 6.000 za Kanada. Mwengine alipiga telefone yeye mwenyewe kuuliza namna gani amalize kulipa, kwa sababu konti yake haikuonekana tena kwenye intaneti, na karani wa banki akamujibu kwamba hakuna kitu cha kulipa. Redio na televisheni ya taifa ya Kanada, CBC, ilipotangaza habari hiyo, ilizunguka dunia nzima kwa siku chache. Watu walizoea kusikia banki ikikamata nyumba ya mutu. Kusikia banki ikiachilia pesa yake bila kusukumwa, hilo lilikuwa jambo la kigeni.

Kwa musomaji wa Goma, Bukavu, Uvira ao Butembo, habari hii inaweza kuonekana ya mbali. Lakini familia nyingi za huku ziko na ndugu huko Montréal, Ottawa ao Toronto, na karte hizo za mukopo ni sehemu ya maisha yao ya kila siku. Tena kuna jambo lingine linaloikaribisha kwetu. Chase haikufuta madeni wakati biashara yake ilikuwa inaendelea. Ilifuta kiisha kufunga milango katika inchi hiyo. Na tangu mwaka wa 2025, wakaaji wengi wa Kivu wako na banki iliyofunga milango, na wengine kati yao waliiacha ikiwadai.

Karte mbili, na miezi kumi na saba

Huko Kanada, Chase ilikuwa imetoa karte mbili za Visa. Moja ilifungamana na Amazon, duka kubwa la kwenye intaneti. Ingine ilifungamana na hoteli za Marriott. Mutu akilipa kwa karte hiyo, alipata alama ambazo zilimupunguzia bei siku ingine. Mwezi wa tatu mwaka wa 2018 banki iliamua kuacha kazi hiyo Kanada, na karte zote mbili zikafungwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuzitumia kununua hata soda.

Lakini deni lilibakia, na hapo ndipo watu wengi wanaosimulia habari hii wanaruka haraka. Kufunga karte hakukuua deni. Wateja waliendelea kupokea hesabu kila mwezi na kulipa, pamoja na faida ya banki juu yake. Miezi kumi na saba ilipita hivyo, karte imekufa na deni liko hai. Kisha ndipo barua ikafika.

Banki ilieleza kupitia musemaji wake kwamba ilitaka kumaliza kabisa kutoka kwake katika biashara ya karte huko Kanada, na kwamba iliona uamuzi huo ni bora kwa pande zote, zaidi sana kwa wateja. Haikusema ni watu wangapi waliosamehewa, wala jumla ya pesa.

Musamaha huo haukuwagusa waliokuwa wamekwisha kulipa. Mutu aliyejinyima, akakopa pahali pengine ili amalizane na Chase mwezi wa saba, hakurudishiwa kitu mwezi wa nane. Aliyevuta miguu ndiye aliyepona. Kila mutu aliyewahi kukaa katika kikundi cha kukopeshana anajua namna jambo la aina hiyo linavyouma, na tutarudia hapo.

Pesa si yako

Huku kwetu, wengi walio na karte ya banki wako na karte ya kutoa pesa yao wenyewe: mushahara umeingia, unatoa, umeisha, mashine inakataa. Karte ya mukopo ni kitu kingine. Pesa inayotoka ni ya banki. Inafanana zaidi na kaye ya mwenye butike wa avenue, ambaye anampa mama sukari, sabuni na mafuta, anaandika, na mwisho wa mwezi wanahesabu.

Tofauti ni kwamba mwenye butike anataka alipwe yote. Banki inakubali ulipe kidogo. Ukilipa deni lote kwa wakati, hauongezi kitu. Ukilipa sehemu ndogo tu ile banki inaomba, sehemu iliyobaki inaanza kuzaa. Huko Kanada karte nyingi zinaomba karibu asilimia 20 kwa mwaka. Kwa mutu aliyepitia katika mikono ya Banque Lambert, ambako unakopa dola 100 na kurudisha 130 ao 150 kiisha mwezi moja, asilimia 20 ya mwaka muzima inaweza kuonekana kama zawadi.

Si zawadi. Mutu mwenye deni la dola 6.000 kwa asilimia 20 anazalisha karibu dola 100 za faida kila mwezi. Akilipa 120, amepunguza deni kwa dola 20 tu. Mwaka moja anatoa dola 1.440, na deni limeshuka kwa karibu 260. Ndugu anayetuma pesa ya matanga ao ya minerval kutoka Montréal, wakati mwingine anaituma akiwa na hesabu ya namna hiyo kwenye meza yake, na huku tunasema tu kwamba wa Ulaya na Amerika hawakosi pesa.

Kwa nini banki inaachilia

Waliosoma habari ya Chase kama hadithi ya huruma walikosea njia. Banki ilipiga hesabu.

Kudai ni kazi, na kazi inalipwa. Banki inayodai watu katika inchi ambako haifanye tena biashara inapashwa kuendelea kulipa makarani wa kujibu telefone, mashine za kuhesabu faida, barua za kila mwezi, na avoka wanaojua sheria za inchi hiyo. Hakuna muteja mupya anayeingia, na kila mwezi madeni yanayobaki yanapungua, kwa sababu wenye uwezo wanalipa na kuondoka. Wanabaki wale wanaolipa polepole na wale wasiolipa kabisa. Siku moja gharama ya kudai inakaribia pesa inayodaiwa. Mwaka ule wa 2019, kundi la JPMorgan Chase lilipata faida safi ya miliare 36,4 za dola. Kwa tumbo la namna hiyo, mabaki ya karte mbili za Kanada yalikuwa makombo ya mezani.

Njia ingine ilikuwepo, na ndiyo banki nyingi za huko zinafuata: kuuza deni. Ndiyo, deni linauzwa kama gunia la muhogo. Huko Marekani, muteja wa karte akikaa siku 180 bila kulipa, sheria za usimamizi wa banki zinaomba deni hilo liandikwe kama hasara. Banki nyingi zinaliuza basi kwa kampuni za wadai, kwa bei ndogo sana. Kampuni inayonunua inaanza kumufuata mwenye deni kwa pesa yote, si kwa bei iliyolipa.

Bei hiyo ni ndogo kiasi gani? Mwezi wa sita mwaka wa 2016, John Oliver, mutangazaji wa televisheni huko Marekani, alifungua kampuni ya kununua madeni ili kuonyesha watu namna biashara hiyo inavyoendeshwa. Kwa karibu dola 60.000 alinunua madeni ya matibabu ya karibu milioni 15 za dola, yaliyokuwa juu ya watu karibu 9.000. Hiyo ni chini ya nusu ya senti kwa kila dola. Kisha akayapeleka kwa shirika la RIP Medical Debt, ambalo kazi yake ni kununua madeni ya namna hiyo na kuyafuta. Watu hao 9.000 nao wakasamehewa bila kuomba. Miaka ine mbele yake, watu waliotoka katika maandamano ya Occupy Wall Street walikuwa wamefanya vilevile, kwa mupango waliouita Rolling Jubilee.

Kongo inaijua biashara hiyo, na iliijua kwa uchungu. Wakati wa Zaïre, kampuni ya Yugoslavia inayoitwa Energoinvest ilifanya kazi ya nyaya za umeme wa Inga, na serikali pamoja na SNEL hawakumaliza kulipa. Deni hilo likaishia katika mikono ya FG Hemisphere, kampuni ya Marekani iliyolinunua na kuanza kuifuata Kongo katika tribinali za inchi mbalimbali, ikidai karibu milioni 100 za dola. Mwaka wa 2011 tribinali kubwa ya Hong Kong iliikatalia. Mwaka wa 2012, waamuzi wa Privy Council huko London, wakihukumu kesi iliyotoka kisiwa cha Jersey, walikataa isikamate mali ya Gécamines kwa deni la Serikali. Aliyemukopesha Zaïre alikuwa amekwisha kwenda zake zamani, lakini karatasi ya deni iliendelea kutembea.

Chase ingeweza kufanya hivyo na wateja wake wa Kanada. Haikufanya, na kwa upande huo wateja walipata bahati ya kweli.

Hasara ya kaye na musamaha wa mutu

Kuna maneno mawili ambayo yanachanganywa kila siku, hata na watu waliosoma. Banki inaposema imepitisha deni katika hasara, inazungumuza na kaye yake yenyewe. Inajiambia: pesa hii tusiihesabu tena kama mali yetu. Mwenye deni hajasamehewa. Anaweza kufuatwa kesho, na banki ao na yule aliyenunua.

Kusamehe ni kumuambia mwenye deni mwenyewe kwamba amefunguliwa. Sheria ya Kongo juu ya mapatano, ambayo mizizi yake ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba mwaka wa 1888, inataja musamaha huo, remise de dette kwa Kifaransa, kati ya njia za kumaliza deni, pamoja na kulipa. Ni lazima utoke kwa mwenye kudai. Mwenye kudaiwa hawezi kujisamehe, hata akiwa na sababu nzuri namna gani. Na musamaha ukitolewa kwa mukopaji mwenyewe, yule aliyemusimamia naye anafunguliwa, jambo ambalo wasimamizi wengi wa huku hawalijue.

Inchi yetu yenyewe ilisamehewa kwa njia hiyo. Mwezi wa saba mwaka wa 2010, Banki ya Dunia na FMI zilitangaza kwamba Kongo imefika mwisho wa safari ya inchi maskini zenye madeni mazito, na ikapunguziwa miliare 12,3 za dola. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo, inchi za Club de Paris ziliketi na kufuta sehemu yao. Kulikuwa na masharti ya miaka, mikutano, saini. Hakuna inchi iliyonyamaza tu na Kinshasa ikajifanya imesahau.

Wazee wanakumbuka pia namna ingine ya deni kufa, bila barua wala musamaha. Miaka ya tisini, bei zilipanda mpaka pesa ya zaïre ikapoteza nguvu yote. Mwezi wa kumi mwaka wa 1993, zaïre mupya moja ililingana na zaïre milioni tatu za zamani. Aliyekuwa na deni la zaïre la miaka ya mbele angeweza kulilipa kwa bei ya kitu kidogo cha sokoni. Lakini aliyeweka akiba banki alipoteza pamoja naye. Tangu wakati huo wenye kukopesha walijifunza: mikopo mingi ya banki katika Kongo inaandikwa kwa dola, na dola haiyeyuki hivyo.

Goma na Bukavu: guichet imefungwa, deni je?

Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka wa 2025, wapiganaji wa AFC/M23 waliingia Goma, na banki za biashara za muji huo zikafunga milango. Mwezi wa pili ikawa zamu ya Bukavu. Mwezi wa ine AFC/M23 ilifungua tena biro ya CADECO huko Goma, lakini hiyo haikurudisha banki zingine. Watu walibaki na Airtel Money, M-Pesa na Orange Money, ama kuvuka mupaka kwenda kutafuta noti Gisenyi.

Watu walizungumuza sana juu ya pesa iliyofungiwa ndani: akiba ya wafanyabiashara, mishahara ya walimu, pesa ya mashirika. Ilikuwa haki. Lakini mulango huohuo ulifungia pia mikopo. Tuwaze mama anayeuza vitenge katika soko ya Virunga. Mwaka wa 2024 alikopa dola 5.000 ili aongeze mali, na akatia karatasi za parsele yake kama garanti. Vita ikaingia, mali ikaibiwa, wateja wakakimbia, na karani aliyekuwa akimupigia telefone kila tarehe tano hapigi tena. Mwezi unapita, kisha mwingine. Si vigumu kuelewa namna mama huyo anaanza kufikiri kwamba deni limekufa pamoja na kazi ya banki.

Habari ya Kanada inaonyesha kinyume. Chase iliondoka sokoni, na deni likaendelea. Lililoliua ni barua, si kuondoka. Na banki za Goma hazikuondoka Kongo. Zilifunga guichet katika miji fulani, huku makao yao makubwa ya Kinshasa yakiendelea kufanya kazi na kaye zao zikiwa na majina yote. Banki Kuu ya Kongo pia iko na daftari la mikopo, Centrale des risques, ambamo banki zinatangaza mikopo wanayotoa. Mutu aliyekimbilia Kinshasa ao Lubumbashi akaomba mukopo mupya anaweza kukuta jina lake liko pale linamungojea, na parsele yake bado iko garanti.

Hii haimaanishi kwamba banki iko na haki juu ya kila kitu. Faida na adabu za kuchelewa kwa miezi ambayo banki yenyewe ilikuwa haipokei malipo ni jambo ambalo avoka anaweza kulibishania, na neno force majeure litasikika sana katika tribinali siku zitakapofanya kazi vizuri. Je, mukopaji alipashwa kulipa wapi, kama guichet imefungwa? Kwa telefone? Kwa ndugu wa Kinshasa? Maulizo hayo ni ya kweli na yanastahili majibu yaliyoandikwa. Lakini ni mabishano juu ya kiasi na wakati. Dola 5.000 zilizopokelewa zinabaki dola 5.000.

Kwa hiyo karatasi ndogo ndogo ziko na bei kubwa kuliko watu wanavyofikiri: kontra ya mukopo, tableau ya malipo, bordereau za kila mwezi uliolipwa, hata picha za mesaji za malipo ya telefone. Wengi walikimbia wakiacha vyote nyumbani. Banki iko na kaye yake, mukopaji hana kitu, na siku ya kuhesabu mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa mbele. Aliye na namna ya kuandikia banki yake, kwa barua ao kwa email ya makao makubwa, akaeleza hali yake na kuomba kupangiwa upya, anaacha alama ambayo itamusaidia mbele ya mwamuzi. Kunyamaza hakuachi alama.

Jihadari pia na mesaji. Mutu akikuandikia kwa WhatsApp kwamba banki imefuta deni lako, na kwamba unapashwa kutuma dola 20 za dosie, huyo ni mwizi. Waliosamehewa Kanada hawakulipa hata senti kwa kusamehewa. Na kwa ndugu walioko Marekani, kuna jambo lingine la kujua: huko, deni lililofutwa la dola 600 na zaidi mara nyingi linatangazwa kwa biro ya kodi kama pesa uliyoipata, na unaweza kuombwa kodi juu yake. Kanada haifanye hivyo kwa deni la mutu binafsi la matumizi ya nyumbani.

Nani anabeba

Barua ya Chase ilikuwa nyepesi kutuma kwa sababu hasara ilianguka juu ya wenye banki, na hao walikuwa na migongo mipana. Katika Kivu, mikopo mingi haitoke kwa banki ya namna hiyo. Inatoka kwa COOPEC, ambako pesa inayokopeshwa ni akiba ya mwalimu, ya muuguzi, ya mwenye duka. Ao inatoka kwa AVEC, vikundi vya watu ishirini ao makumi mawili na zaidi wanaokutana kila juma, wanaweka kidogo kidogo, na kukopeshana wao kwa wao.

Hapo neno "futa" linabadilika uzito. Vita ya 2025 ilitawanya vikundi vingi. Kati ya wanachama, wako walioondoka na mukopo mukononi, si kwa ujanja, bali kwa sababu usiku ule kila mutu alibeba kilichokuwa karibu. Kuwadai mutu aliyepoteza nyumba ni aibu. Kuwasamehe ni kumunyanganya yule aliyebaki, ambaye naye labda alipoteza nyumba. Vikundi vingine vinachagua kurefusha wakati bila kuongeza faida. Hilo linaonekana kuwa la haki zaidi, lakini ni rahisi kulisema ukiwa nje ya kikundi.

Mwisho wa muzunguko, kiisha miezi tisa ao kumi na mbili, AVEC inafungua sanduku lake. Lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti ambao hawalindi pesa. Muandishi anasoma majina. Aliyebakiza deni, linakatwa kwanza katika akiba yake mwenyewe. Likipita akiba hiyo, sehemu inayokosekana inatolewa katika fungu la kila aliyeketi pale, na kila mumoja anaona kwa macho yake ni franka ngapi zimekosa.